Mkono Begani kwa Marehemu

"Toa ule mukono," mzee aliniambia, na kidole chake kikagusa kioo cha kompyuta yangu hata kikaacha alama ya jasho. "Mukono ya mutu mwenye angali muzima haikai juu ya bega ya marehemu."

Hakuwa mzee kiumri, ila safari ya basi kutoka Lubumbashi ilikuwa imemzeesha. Alikuwa kaka wa marehemu. Alifika Johannesburg asubuhi ile ile, hakuvua hata koti la safari, akaja moja kwa moja kwenye chumba changu cha picha huku Berea, maana mazishi yalikuwa Jumamosi na tangazo la msiba lilikuwa halijatoka. Nyuma yake, mlangoni, alisimama mwenye mkono. Ni binti wa darasa la mwisho la sekondari, amevaa sare ya shule, macho yamemvimba. Mkono wenyewe alikuwa ameuficha mfukoni.

Hapa mtaani wananiita dada wa picha. Nilitoka Tanga zamani, na kazi yangu ni picha na maneno. Mtu akishakaa kwenye kiti changu nikampiga, namuuliza anataka chini paandikwe nini. Atakachosema nakiandika kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, kwenye ukingo mweupe wa picha, vile vile alivyokisema, hata kama Kiswahili chake kinanitoboa masikio. Sisi wa Tanga tuna maringo ya lugha, sikatai. Lakini hapo sisahihishi hata herufi.

Mtindo huo niliuanza kwa sababu ya bibi mmoja wa Kizulu anayeishi ghorofa ya chini. Siku moja alinionyesha picha ya marehemu mumewe, ya pekee aliyonayo. Ni ile iliyobandikwa kwenye pasi walizolazimishwa watu weusi kutembea nazo enzi za makaburu. Mwanamume anatazama mbele kama anayengoja kofi, na maneno yaliyoizunguka picha yote ni ya serikali: namba, kabila, mhuri wa kumruhusu kuwepo mjini. Bibi akaniambia mumewe alikuwa mcheshi, alikuwa akiimba anaponyoa ndevu. Nikageuza kitabu kile huku na huku nikitafuta mahali palipoandikwa hivyo. Hapakuwepo. Nilipandwa na hasira siku ile na mpaka leo haijashuka. Nikajiapiza kwamba mtu mweusi akipita mbele ya kamera yangu, maneno ya chini yatakuwa yake.

Kwa hiyo ukutani kwangu kuna nakala za watu wa mtaa mzima, kila mmoja na usemi wake. Wasusi, walinzi, wauza viazi, mchungaji mmoja aliyeniambia niandike kwamba anaogopa lifti. Na katikati yao alikuwepo marehemu.

Tulikuwa tukimwita Mama Fulani, na mahali pa Fulani weka jina la yule binti, ambalo sitaliandika kwa sababu mwenyewe ameniomba. Kwetu Tanga na kwao Kongo mambo ni mamoja: mwanamke akishapata mtoto, jina lake la usichana linawekwa sandukuni. Mtaa mzima ulimjua hivyo. Alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake Doornfontein, kwenye jengo la mafundi, na sauti yake ilisikika kabla hujafika mlangoni. Picha yake niliipigia pale pale kazini. Amekaa kwenye cherehani, kitambaa cha kitenge kimemwagika magotini, anacheka na mtu asiyeonekana. Huyo asiyeonekana alikuwa binti yake, amesimama pembeni. Alipoona nainua kamera alijitoa, lakini mkono ukabaki begani kwa mama. Vidole vilikuwa vimezama kwenye blauzi. Nilipouliza niandike nini, alisema bila kufikiri, kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "ndilo" ni "njo":

"Huku batu bananiita kwa jina ya uyu mutoto. Njo jina yangu."

Sasa mzee alikuwa anataka mkono huo utoke, na sababu ya kwanza aliyoitoa niliielewa. Wapo wengi wanaoamini hivyo. Mtu aliye hai kuonekana na marehemu kwenye picha ya msiba ni kujiitia kifo. Nilikuwa nimeshafuta ndugu na marafiki wengi kwenye picha za aina hiyo, wala sikuwahi kubishana na mtu. Lakini yeye hakuishia hapo.

"Na uyu mutoto ni wa nani?" akauliza, bila kugeuka kumtazama. "Dada yangu hakuzalaka."

Ni kweli hakuzaa. Watu wa jengo lao wanaijua habari hiyo na hawaisemi. Zamani marehemu alikuwa amepanga nusu ya chumba, na nusu ya pili, ng'ambo ya pazia, alikaa dada mmoja wa hapa hapa Afrika Kusini mwenye mtoto mchanga aliyekuwa ameanza kutambaa. Ijumaa moja yule dada alimwomba jirani amshikie mtoto mpaka Jumatatu. Jumatatu hakurudi, wala Jumatatu nyingine yoyote. Mtoto akatambaa chini ya pazia, akapita upande wa pili, na huko ndiko alikokulia. Ndugu wa Lubumbashi walikuwa wakitumiwa salamu na picha za nguo. Mtoto hawakuambiwa. Labda marehemu aliogopa maswali. Labda aliona hakuna cha kueleza, maana mama na mtoto hawajielezi.

"Bon," alisema mzee. "Andika ile minakuambia."

Akatoa bahasha ndani ya koti. Mlikuwa na picha ya zamani ya studio, ya huko kwao: msichana mwembamba, nywele amezichana juu kama kofia, kiuno amekifunga mkanda mpana, uso mkavu. Niliitazama nikamtafuta Mama Fulani ndani yake sikumwona. Halafu akanitajia jina. Lilikuwa jina refu la kwao, likafuatwa na la baba yao na la kijiji. Sikuwahi kulisikia. Halafu akasema niandike kwamba marehemu ameacha kaka na dada, na kwamba hakuacha mtoto.

"'Hakuacha mtoto' inaandikwa ya nini?" nilimuuliza. Nilijua sauti yangu imeshapanda. "Kama unaona hakuacha, si unanyamaza tu?"

"Batu bajue. Kesho mutu asikuje kusema mambo ya kibanda na mashini."

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Mwenye jengo la Doornfontein alikuwa amefunga kibanda tangu siku ya kifo, na alimwambia binti kwamba ufunguo atampa yule atakayetajwa na familia kuwa ndiye mtoto. Hana makaratasi mengine ya kutazama, naye si mtu mbaya. Kati yetu sisi wahamiaji, kinachosomwa mbele ya watu msibani ndicho kinachoshika. Chumba walichokuwa wakikaa kilikuwa kwa jina la marehemu. Binti asipotajwa siku ile, akitoka makaburini hana kibanda, hana chumba, na hana mama hata wa kumsimulia.

Nikamwambia mzee kwamba sitaandika. Nikamwambia na mengine ambayo mgeni aliyefiwa hapaswi kuambiwa. Hakukasirika. Alikuwa amechoka kupita kiasi cha kukasirika. Akaanza kuirudisha picha kwenye bahasha, akisema mtaa wa pili ameona kibanda kingine chenye printa.

Ndipo binti akaingia ndani. Kiswahili anakisikia chote ila anajibu Kiingereza, au Kizulu akiwa amekasirika. Siku ile alijilazimisha.

"Anti, fanya tu. Ukikataa wewe atafanya mwingine, na huyo mwingine hatanionyesha ameandika nini."

"Na wewe je?"

"Eish, anti. Fanya."

Nikaandika. Niliandika kila neno alivyolitaka mzee, nikaiweka ile picha ya msichana mwenye mkanda, na tangazo likatoka: jina, uso, kesha Ijumaa jioni katika ukumbi wa Doornfontein, maziko Jumamosi asubuhi. Mzee akalituma mwenyewe kwa simu yake kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Wakongo wa Johannesburg, ambako watu wa mji wao walikuwa wamemwingiza. Nilikuwa nimejaa tusi lile la "hakuacha mtoto" kiasi kwamba sikuwaza jambo lingine lolote. Walipoondoka niliitoa ukutani picha ya cherehani, nikaifunga kwa khanga, nikaitia kwenye mkoba. Sikuwa na mpango nayo. Nilitaka tu isikae peke yake.

Ijumaa nilifika ukumbini jua halijatua. Ukumbi uko juu ya karakana za mafundi viatu, ngazi ni nyembamba, na dirishani unaona robot ya njia panda, taa za magari kama wanavyoziita huku, ikibadilika rangi. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mpaka ukutani. Mbele palikuwa na meza, kitambaa cheupe, na ile picha ya msichana nimeichapa kubwa. Mzee alikaa mstari wa kwanza na wanaume wachache wa mji wao ambao hawakuwahi kukutana na marehemu. Binti alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyeingia kukwepa mvua.

Tukangoja.

Anayejua misiba ya Wakongo wa mji huu atanielewa. Saa ile ngazi zilipaswa kuwa hazipitiki. Wanawake wa kwaya walipaswa kuwa wameshateka ukumbi, sufuria zinapanda, mtu analia kwa sauti, mwingine anamkemea asilie mapema. Hapakuwa na sufuria wala sauti. Mmoja wa wale wanaume akanong'ona kwamba labda watu wanaogopa kutoka, kwa kuwa wiki ile kulikuwa na vikundi vya watu vikipita mlango kwa mlango Doornfontein vikisaka wageni, vikiuliza nani ametoka wapi. Niliamini. Kila gari lilipofunga breki chini, sote tuligeuza shingo mlangoni, na nafikiri kila mmoja wetu alihesabu moyoni njia ya kutokea.

Lakini aliyenitisha zaidi ni mzee. Alikuwa amekaa wima, anatazama viti vile. Aliniita kwa kichwa.

"Dada yangu aliishi aje huku?" akaniuliza polepole. "Hakuwa na batu?"

Sauti yake ilikuwa na aibu, na chini ya aibu palikuwa na huzuni kubwa kuliko ile aliyoshuka nayo kwenye basi. Alidhani anaona maisha ya dada yake: ukumbi mtupu. Hasira zangu zote zikakosa pa kukaa. Nilitaka kumwambia kuhusu sauti iliyosikika kabla hujafika mlangoni, ila simu yangu ikalia.

Alikuwa kiongozi wa kwaya ya wanawake, Mkongo mwenye saluni Berea, rafiki wa damu wa marehemu.

"Dada wa picha," alianza bila salamu, "tangazo ya Mama Fulani itatoka lini? Tuko tunangoja tangu jana. Tumeshavaa, chakula iko kwa moto, batu bamejaa kwangu. Hatujue ni ukumbi gani."

"Hamkuona tangazo?"

"Tangazo gani? Tuliona ya ule mwingine tu, ule musichana. Tukasema pole. Ule hakuacha mutoto. Mama Fulani ana mutoto."

Nilimsogelea mzee, nikabonyeza simu itoe sauti kubwa, nikamwomba mama yule arudie alichosema. Akarudia, na nyuma yake tukasikia watu wengi, sufuria, watoto, mtu anajaribu sauti ya wimbo. Ukumbi mzima ulisikia, yaani sisi tuliokuwemo. Mji mzima ulikuwa umevaa unangoja kumlilia dada yake, na tangazo lake mwenyewe ndilo lililowazuia. Mzee aliitazama ile picha ya mezani kwa muda, kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu afike akamtazama binti usoni.

"Andika vile banamujua," aliniambia.

"Wanamjua kwa jina la mtoto. Siwezi kuandika mama wa mtu bila huyo mtu."

"Andika basi."

"Jina si langu," nilisema. "Si lako pia. Mwombe mwenyewe."

Nakiri nililisema kwa raha. Mzee akainuka, akapita katikati ya viti vitupu mpaka nyuma. Binti hakusimama. Kwetu mtoto hakai mkubwa amesimama, na nilimwona mzee akiliona hilo na kulimeza. Alimwomba kwa maneno machache, kichwa chini. Binti alitazama dirishani mpaka robot ya njia panda ikabadilika na kubadilika tena. Nikaanza kuogopa. Angeweza kukataa. Mimi kwa umri ule, baada ya maneno yale, ningekataa, na ningemwacha azike peke yake.

"Tumieni," alisema mwisho, kwa Kiswahili. "Lakini na picha yangu na Mama. Ile ya mkono."

Mzee akatikisa kichwa. Safari hii haikuwa ubishi, ilikuwa hofu, na aliisema waziwazi. "Mutoto, ile ni kuita kifo. Wewe ungali mudogo. Mimi siwezi kuzika dada yangu na wewe tena."

Nafikiri hakusikia alichokuwa amekisema. Binti alikisikia. Aliubana mdomo, akautoa mkono mfukoni akauweka juu ya kiti cha mbele yake.

"Alikufa nikiwa nimemshika bega hivi hivi, hospitali," alisema, na sasa Kiingereza kilimrudia chote, haraka, na mimi nikawa namtafsiria mzee. "Kama kingeniita kingeniita siku ile. Mkiufuta, mtakuwa mmesema sikuwepo."

Nikafungua mkoba, nikaitoa picha ndani ya khanga, nikampa mzee. Aliishika kwa mikono miwili. Alimtazama dada yake akicheka na mtu asiyeonekana, akautazama mkono, akavitazama vidole vilivyozama kwenye blauzi. Halafu akasoma maneno ya chini. Aliyasoma kwa sauti ndogo, kwa lafudhi ya kwao, na yakatoka jinsi marehemu alivyoyatamka, kitu ambacho mimi nisingeweza. *Huku batu bananiita kwa jina ya uyu mutoto. Njo jina yangu.* Alipofika mwisho alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akalia kama wanavyolia wanaume waliojizuia njia nzima.

Nilitengeneza tangazo jipya pale pale kwa simu, picha ya picha, na maneno yake chini. Sikuandika kwamba aliacha mtoto, kwa kuwa mkono na jina vilishasema. Mzee alilituma kwa kidole chake mwenyewe.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuja wakiimba kutoka upande wa Berea, barabarani kabisa, wiki ile ile ambayo watu walikuwa wakitembea wakiwa wameinamisha vichwa. Ngazi zikajaa. Sufuria zikapita juu ya vichwa. Wanawake waliiona picha ya cherehani, ambayo sasa ndiyo iliyokuwa mezani, na ni kweli wapo walioshika vifua walipouona mkono wa mtu aliye hai, na mmoja alitaka uzibwe na ua. Kiongozi wa kwaya akamwambia ua hilo akazibe mdomo wake. Halafu wakaenda kumlilia binti, na mwisho wakaja kumpa pole mgeni.

Hawakulijua jina lake. Hakuna aliyeuliza. Mwanamke wa kwanza alimshika mkono akasema, "Pole, Mujomba wa Fulani." Na wa pili hivyo hivyo, na wa tatu, mstari mzima mpaka mlangoni, kila mmoja akilitamka jina la binti kwa uchungu usoni kwake. Mwanzo alikuwa akiinamisha kichwa tu.

Kesho yake makaburini palikuwa na upepo na vumbi jekundu. Mwenye jengo alikuwepo, amesimama pembeni kwa heshima, mkono mfukoni, na niliujua ufunguo uliokuwa humo. Nilimtazama mzee na karatasi ya wasifu aliyokuja kuisoma mbele ya watu, na niliogopa, kwa kuwa sikujua ameandika nini usiku. Alikuwa bado hajaifungua. Jeneza lilikuwa linashuka, kamba moja imelegea, na mtu akapiga kelele kutoka ng'ambo ya shimo, "Mujomba wa Fulani! Mujomba wa Fulani, shika hapa!"

"Niko!" aliitikia mzee, akaitupa karatasi chini, akaishika kamba.